Ni Setibuku?

Mwezi uliopita nilizunguka katikati ya Nairobi nikitafuta Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi iliyotoka 1995. Nilianza na maduka makubwa, nikamalizia kwa wauzaji wa vitabu vya mtumba wanaotandaza gunia kando ya barabara. Kila nilipotaja jina nilirudishiwa swali lile lile: "Ni setibuku?" Nikisema hapana, muuzaji anarudi kwa simu yake. Mmoja alinihurumia: "Boss, kama haitahiniwi, nani ataileta?"

Siwalaumu, wanauza kinachonunuliwa. Lakini nchi hii imekubali swali lao liwe kipimo cha fasihi nzima. Kwetu, klasiki ni kitabu kilichopitishwa na wizara. Kikishasomwa na kidato cha tatu na cha nne miaka minne mitano, tunakivisha joho. Kikitolewa, kurasa zake zinafungia njugu.

Mimi nimelelewa na setibuku, kwa hivyo sisemi kwa uvumi. Wakati wetu ilikuwa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora na Mstahiki Meya ya Timothy Arege. Tulizisoma vipi? Kwa mwongozo. Eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne. Fafanua sifa za Amani. Taja, taja, taja. Kuna wenzangu waliopata A na hawajawahi kufungua riwaya yenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku tulipomaliza Karatasi ya Tatu, vitabu viliraruliwa nyuma ya bweni kwa shangwe. Nami nilirarua, sitadanganya.

Sasa linganisha na Siku Njema, ya Walibora huyo huyo, iliyotoka 1996. Nakala niliyoisoma ilikuwa ya shangazi yangu. Haikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, hivyo nilimkuta Kongowea Mswahili kama unavyomkuta abiria mwenzako, safari ikiwa imeshaanza. Ndiyo, nayo ilitahiniwa wakati mmoja. Shangazi alimaliza shule zamani, mtihani hauko, na bado ukimwazima mtu kitabu hicho bila kumwambia utamjua vizuri. Walibora alipofariki Aprili 2020, watu wazima wenye watoto na mikopo ya benki walikuwa wakimtaja Kongowea, yule kijana aliyetoka Tanga kumtafuta baba yake hadi Kitale, kana kwamba ni mtu wa kwao. Kwangu kipimo ni hicho. Kiondolewe kwenye mtaala, kisha tungoje tuone nani atabaki nacho.

Mhadhiri mmoja, kabla sijaachana na chuo mwaka wa pili (ilikuwa karo, si fasihi), alituambia klasiki ni kitabu kilichoshinda wakati. Tukaandika, ni sentensi tamu. Lakini kitabu hakishindi chochote chenyewe. Kitabu ni karatasi, na karatasi inaliwa na mchwa. Kuna mtu aliyekibeba. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Watu waliunakili kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, wakauhifadhi moyoni, mama akampa mwana. Hapakuwa na wizara wala mwongozo. Umekuwa wa kale kwa sababu ulitakiwa, na wasomi wetu wanaligeuza jambo hili kichwa chini, ati tuutake kwa sababu ni wa kale.

Na sisemi ni lazima ukubaliane nao. Nilimsomea dada yangu yale mawaidha ya jinsi ya kumhudumia mume, akanirushia ndara. Tukabishana hadi stima ikapotea, tukaendelea gizani. Utenzi una zaidi ya miaka 150 na bado unarushiwa ndara. Niambieni ni setibuku gani ya miaka ya majuzi imemfanya mtu arushe kitu.

Najua pingamizi linakuja. Kwa hivyo kila kinachopendwa ni klasiki? My Life in Crime ya John Kiriamiti je, aliyoiandika akiwa gerezani kwa wizi wa mabavu, ikachapishwa 1984? Jibu langu ni ndiyo, na maprofesa wanune wanavyotaka. Lugha yake haina urembo, nakubali. Lakini sijawahi kukutana na nakala safi ya kitabu hicho. Zote zimekunjwa, zimemwagiwa chai, zina majina matatu manne ya wenyewe. Kuna vitabu vinapendwa wiki moja tu kama wimbo wa matatu, hivyo siviongelei.

Wala marufuku haitoshi kukiua kitabu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, ilikatazwa katika shule za Tanzania, na leo bado tunaizungumzia. Serikali ikiamuru kitabu kisomwe, au ikiamuru kisisomwe, haiwezi kuamua kama kitapendwa. Ila kuna kitu soko la setibuku linaweza kuamua vizuri kabisa, nalo ni kama kitapatikana.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Serikali ya Moi ilimweka Mkangi kizuizini mwaka 1986. Alipotoka, akaandika Walenisi, kuhusu Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo ambaye anaishia katika nchi ya watu walio huru kweli. Litamke jina polepole: wale ni sisi. Kizuizi hakikumnyamazisha. Swali la "ni setibuku?" limekaribia kuweza.

Mwishowe niliipata kwa rafiki ya rafiki, fotokopi, kurasa zingine zimeingia mashineni upande. Niliimaliza kwa usiku mbili. Tangu hapo watu watano wameniomba niwatolee kopi, na nawatolea, shilingi tano kwa ukurasa pale kwa saiba. Wachapishaji, mkiona huo ni wizi, njooni tuzungumze. Toeni nakala mia tano tu. Mbili za kwanza nitalipia leo.