Dawa ya Deni ni Kulipa: Lakini Deni Lipi?



Katika mitaa yetu ya Mbagala, Tandika, Tandale na Mwananyamala ipo mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Jina hilo halihitaji maelezo. Linalohitaji maelezo ni ukimya wetu.

Tuchukue mfano. Mama anakopa shilingi 200,000 ili kuongeza mtaji wa genge lake. Anatakiwa kurejesha shilingi 10,000 kila siku kwa siku 30. Siku ya 20 amekwisha kurudisha kila senti aliyopewa, lakini bado anadaiwa siku 10. Mwezi ukiisha amelipa shilingi 300,000. Riba hiyo ni asilimia 50 kwa mwezi mmoja! Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, Benki Kuu iliweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana. Kwa mkopo huo, riba ya mwezi haipaswi kuzidi shilingi 7,000. Mama huyu ametozwa 100,000.

Akichelewa siku moja, faini huongezwa juu ya riba. Kadi yake ya benki na namba ya siri vimeshikwa. Godoro, jokofu na runinga vimeandikwa kuwa dhamana, na mumewe hana habari. Wanaokopesha kwa simu wana fimbo nyingine: huwatumia ndugu, majirani na hata mwajiri ujumbe wa kumwaibisha mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Wakopeshaji hawa wana jibu moja: "Mkataba ni mkataba. Alitia saini kwa mkono wake mwenyewe. Dawa ya deni ni kulipa." Waamini wengi hulikubali jibu hilo. Sisi twalikataa, kwa sababu tatu.

Kwanza, sheria yenyewe hailikubali. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inadai ridhaa huru. Ridhaa iliyopatikana kwa shuruti, kwa ulaghai au kwa kutumia vibaya nguvu uliyo nayo juu ya mwenzako si ridhaa huru, na aliyeonewa anaweza kuomba mkataba utenguliwe. Saini ni mwanzo wa swali, si mwisho wake.

Pili, Maandiko hayalikubali. Kutoka sura ya 22 inakataza kumtoza maskini riba. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni uhai wa mtu. Jiwe la kusagia la leo ni cherehani, jiko la mama lishe na pikipiki ya kijana. Naye Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, aliihesabu riba ya ulafi miongoni mwa maovu yanayowakandamiza wafanyakazi.

Tatu, wawili hawa hawakukaa mezani wakiwa sawa. Mmoja alipanga bei, muda na lugha ya mkataba. Mwingine alichagua kati ya karatasi hiyo na njaa ya watoto.

Hatusemi deni lisilipwe. Aliyekopa arudishe mtaji pamoja na riba iliyo halali. Zaidi ya hapo si deni, ni unyang'anyi.

Basi aliyenaswa afanye nini? Asikope kwa mwingine ili kumlipa wa kwanza. Huko ni kuchimba shimo ndani ya shimo. Adai nakala ya mkataba. Atunze stakabadhi na ujumbe wote wa malipo ya simu. Aulize leseni. Amwone msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Tena ajue kwamba kuvunja mlango wa mtu na kumpiga ni jinai, hata kama mtu huyo anadaiwa.

Nasi tusimwache aende peke yake. Baadhi ya wakopeshaji hao husali nasi, na zaka zao tumezipokea bila kuuliza. Tuwaonye kidugu. Tuimarishe vikoba vyetu. Tuvisaidie vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kuomba mikopo isiyo na riba ya halmashauri, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya:
1. Ni nani katika Jumuiya yetu amehama usiku kwa sababu ya deni? Je, tulimtafuta?
2. Kwa nini aliona afadhali kumwendea mkopeshaji kuliko kutujia sisi?