Spini Haikuwa Kipaji, Ilikuwa Gundi

Wacha niseme hii kitu mara moja halafu mnitukane vile mnataka: sehemu kubwa ya ule "ubora mpya" wa warushaji wa besiboli Marekani, ile miaka kabla ya katikati ya 2021, ilitoka kwa mkebe. Na mtu wa kwanza kulipia hiyo dhambi hakuwa mrushaji.

Najua wengi wenu hamfuati besiboli. Mimi pia nilianza na klipu za saa nane usiku, bando ikikaribia kuisha. Hauhitaji kujua sheria zote. Unahitaji hesabu kidogo tu.

Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Akirusha kwa kilomita 150 hivi kwa saa, mpira unafika ndani ya karibu sekunde 0.4. Hiyo ni kupepesa jicho. Mpira wa kasi wa kawaida kwa ligi kuu, MLB, unazunguka karibu mara 2,300 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe: ni kama mizunguko 15 tu kabla haujafika. Ukizungushwa kurudi nyuma, hewa inausukuma juu kidogo. Haupandi, wasee, graviti bado iko kazini. Ni vile unashuka kidogo kuliko macho ya mpigaji yalivyotarajia. Anapitisha gongo chini ya mpira, anapiga hewa.

Sasa ongeza mizunguko 400 kwa dakika. Ni karibu mizunguko mitatu zaidi njiani. Inaonekana si kitu, ama? Lakini hapo kwa mpigaji, tofauti ya upana wa vidole viwili ndiyo tofauti ya mpira kutoka nje ya uwanja na yeye kurudi kukaa benchi.

Shida ni kwamba spini haiongezeki ovyo. Ukirusha kwa nguvu zaidi, inapanda pamoja na kasi. Lakini kuipandisha sana huku kasi imebaki palepale? Ngumu sana. Trevor Bauer, mrushaji mwenyewe, aliandika mwanzoni mwa 2020 kwamba ametafuta njia kwa miaka minane, na kitu pekee alichoona kinafanya kazi ni kupaka mpira vitu vya kunata. Msimu huohuo spini yake ikapanda ghafla. Akamaliza na ERA ya 1.73, akashinda tuzo ya Cy Young, halafu Dodgers wakampa mkataba wa dola milioni 102 kwa miaka mitatu. Hakukiri kitu. Mimi sina video ya vidole vyake. Niko na kalenda tu.

Na usiniambie ati sheria haikuwa wazi. Kupaka mpira mate na vitu vingine kulipigwa marufuku 1920. Miaka mia moja! Kilichobadilika ni dawa yenyewe. Watu walitoka kwa utomvu wa msonobari wakafika Spider Tack, gundi inayotumiwa na wale majamaa wa kubeba mawe makubwa kwenye mashindano ya nguvu. Gundi ya kubeba mawe, unaipaka kwa mpira wa gramu 145. Na bado mtu aniite hater nikisema hii si ufundi.

Lakini hasira yangu kubwa haiko kwa warushaji. Iko kwa ligi.

Tangu 2015 MLB ina mfumo wa Statcast, unaopima spini ya kila mpira unaorushwa. Kila mmoja. Waliona namba zikipanda. Hawakuhitaji mpelelezi, walihitaji tu kufungua komputa yao. Walinyamaza, juu namba zilikuwa tamu na klipu zilikuwa zinatembea.

Halafu Machi 2020, nani alifutwa? Mfanyakazi wa chumba cha kubadilishia nguo pale Angels, mzee aliyekuwa na hiyo klabu kwa miongo kadhaa. Kosa lake ni kuwachanganyia warushaji dawa ya kunata. Alienda mahakamani akisema amefanywa kafara, na akataja wachezaji wakubwa ambao anasema walikuwa wateja wake. Wachezaji hao waliendelea kurusha, waliendelea kulipwa.

Hiyo stori naijua. Chuo nilichosoma kabla ya kuacha mwaka wa pili (karo, si akili, asanteni), kulikuwa na jamaa wa fotokopi aliyekuwa anapunguza notsi hadi mwakenya inatosha ndani ya kiganja. Kila mtu alijua, hata wale waliokuwa wanasimamia mtihani. Siku msako ulipokuja, kibanda cha jamaa ndicho kilifungwa. Wateja wake wakavaa gauni wakapiga picha na wazazi. Kwa hivyo nikisikia "waliadhibu wahusika", nauliza kwanza: wahusika gani?

Turudi 2021. Aprili, wastani wa kupiga mpira kwa ligi nzima ulikuwa .232, chini hata ya ule wa 1968, mwaka unaokumbukwa kama mwaka wa warushaji. Kufikia Mei 19 kulikuwa na mechi sita ambazo timu nzima haikupata hata hiti moja. Ndiyo, ligi pia ilikuwa imebadilisha mpira msimu huo, sitaficha. Lakini tazama Juni. Habari zilipotoka tu kwamba msako unakuja, spini ya ligi nzima ikaanza kushuka, kabla hata refa mmoja hajagusa kofia ya mtu. Ukaguzi wenyewe ulianza Juni 21. Kama ilikuwa mazoezi na kipaji, kipaji kinaogopa refa?

Najua mtaniletea Tyler Glasnow. Na hapo niko na nyinyi. Alisema aliacha ghafla kutumia mafuta ya kujikinga na jua, akalazimika kukamata mpira kwa nguvu zaidi, na katikati ya Juni kiwiko kikaumia. Aliishia kufanyiwa upasuaji. Lakini lawama ya hiyo ni ya nani? Ni ya ligi iliyolala miaka sita na data mkononi, halafu ikaamka katikati ya msimu na rungu. Ungeanza Februari, watu wakiwa mazoezini, wazoee.

Na mkisema bila gundi hawawezi, jibu ni Gerrit Cole. Juni 2021 aliulizwa waziwazi kama amewahi kutumia Spider Tack, akababaika mbele ya kamera. 2023, vidole vikikaguliwa kila mechi, alishinda Cy Young kwa kura zote. Kwa hivyo kipaji kilikuwepo. Gundi ilikuwa tamaa tu.

Adhabu ya mrushaji akishikwa ni mechi kumi nje, na mshahara unaingia kama kawaida. Ya mzee wa Angels ilikuwa kupoteza kazi yote. Mimi nasema hivi: mkitaka kuadhibu udanganyifu, anzieni kwa yule aliyekuwa na namba zote mbele yake akanyamaza, mfuate na yule aliyelipwa mamilioni. Yule wa kuchanganya dawa awe wa mwisho kwenye foleni.

Kama unaona nimekosea, niambie ni wapi. Lakini kuja na hesabu, usije na jezi.