Geti Mnalipiga Picha, Mhunzi Je?

Wadau, leo mtanisamehe. Mastaa wetu wakitua New York (majina kapuni) lazima wapozi mbele ya geti la chuma lenye nakshi za hatari. Halafu maelezo yote ni viatu na miwani. Aliyefua hilo geti hatajwi hata kwa bahati mbaya!

Chukua jengo la Federal Reserve Bank pale New York, lililokamilika 1924. Mageti, taa, grili za madirisha, yaani kama tani 200 za chuma, ni kazi ya karakana ya Samuel Yellin. Jamaa alikuwa mhamiaji, akafungua karakana Philadelphia, na miaka ya 1920 alikuwa na mafundi zaidi ya 200. Pamoja na umaarufu wote huo, mwenyewe alipenda kuitwa mhunzi tu.

Kipindi hicho viwanda vilishaweza kumimina chuma kwenye kalibu, maua mia yakatoka kama mapacha. Yeye aling'ang'ania moto, fuawe na nyundo. Ndiyo maana ukisogea karibu unaona chuma kina alama za mkono wa mtu.

Na tusiishie kwa bosi. Nyundo zote hizo hakuzipiga peke yake, ila wale mafundi wake nani anawajua? Uchumi ulipoanguka baada ya 1929, oda zikakauka na wengi wao wakabaki bila jina wala kazi.

Kupiga picha ruksa. Ila taja na fundi, hupungukiwi kitu. Au naonea watu? Mnasemaje?