"Kuja Tu" Si Mwaliko

Hiyo posta unaijua. Maandishi ya rangi ya dhahabu, picha ya mwenye sherehe akiangalia pembeni, tarehe, mahali, rangi ya nguo, na chini kabisa namba ya M-Pesa. Imerushwa kwenye grupu la watu mia tatu: wengine walisoma naye, wengine ni wateja wake, wengine hata hawakumbuki waliongezwa lini. Juu imeandikwa "Mkuje wote." Ukiuliza ploti ni gani, unajibiwa, "Wewe kuja tu."

Mimi nasema huo si mwaliko. Ni tangazo. Tangazo hutafuta watu, na mwaliko humtafuta mtu. Tumechanganya hivi viwili, na tunalipia.

Tunalipia vipi? Nairobi ina sherehe kila wikendi: nyama choma, besidei, uzinduzi wa hiki na kile. Halafu Jumatatu msee anakwambia akiugua usiku hana wa kumpigia. Tunalaumu simu, foleni ya Thika Road, uchumi. Sawa, zote zina makosa yake. Lakini hatujawahi kulaumu jinsi tunavyoitana. Ukiingia mahali ambapo hakuna aliyekuwa akikungoja, utakaa na yule mliyekuja naye. Mtakula, mtapiga picha, mtaita teksi. Mmehudhuria, lakini hamjakutana na mtu. Na kuita kumekuwa rahisi mno: tangu 2022 grupu moja la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024. Unaita watu elfu bila kumfikiria hata mmoja.

Sasa linganisha na matanga. Mtu anafika kwa wafiwa hajui nusu ya watu, na siku ya pili jioni anaitwa kwa jina. Kwa nini? Kwa sababu amepewa kazi. Huyu anamenya viazi, yule anapanga viti, mwingine ni mweka hazina wa kamati, mwingine anaandika wasifu wa marehemu. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani hapa ukiwa umeshika sufuria. Ni aibu kwamba tunajua kukaribishana vizuri hivyo mpaka mtu afe.

Hata harambee ilikuwa hivyo. Kabla Jomo Kenyatta hajaifanya kauli mbiu ya taifa mwaka 1963, ilikuwa sauti ya watu wanaovuta mzigo pamoja. Ukiisikia unajua unatakiwa ufanye nini: shika kamba. Leo imebaki namba ya kutuma pesa, na mara nyingi hata hiyo inafichwa ndani ya "karibuni tusherehekee". Ukitaka mchango, sema ni mchango. Kuomba si aibu. Wahenga walituambia tusikatae wito, tukatae neno. Basi neno lazima litajwe ili tuweze kulikataa, au kulikubali kwa moyo.

Najua utaniambia nini. "Acha uzungu, bana. Kwetu mlango uko wazi; mgeni njoo mwenyeji apone." Methali naikubali kabisa. Lakini mlango wazi ulifanya kazi pale ambapo kila aliyepita alijulikana ni mtoto wa nani. Wewe unaishi ghorofa ya sita Roysambu, na getini kuna soja anayetaka kitambulisho na namba ya mwenyeji wako. Mlango gani huo uko wazi? Tena kualika mtu mmoja mmoja si uzungu. Pwani, harusi ilialikwa kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, na aliyerukwa alinung'unika miaka. Jirani wa ukuta kwa ukuta bado alihitaji kuitwa.

Utasema pia kwamba ukichagua majina unawabagua wengine. Kweli, kuna watakaobaki nje. Lakini ile posta pia inabagua, kimyakimya tu: inamwacha mwenye haya, aliyehamia mjini mwezi jana, na asiye na pesa ya nguo ya rangi iliyotajwa. Wewe hutawaona kwa sababu hukuwahesabu. Angalau ukichagua sita Jumapili hii, unaweza kumchagua mgeni mtaani awe mmoja wao.

Mwaliko unataka mambo matatu: kwa nini wewe, nani mwingine atakuwepo, na unaombwa nini. Hivi kwa mfano: "Niaje. Jumapili saa nane napika pilau kwangu, tutakuwa sita. Kuna jamaa wa kazini ameanza kufuga nyuki kwao Kitui, na wewe umekuwa ukisema unataka kurudi shamba. Nataka muongee. Kachumbari ni yako. Ukitaka kutoka saa kumi na moja, hakuna shida."

Dakika mbili, imeisha. Huyo mtu akifika anajua atakaa karibu na nani, atafungua stori na nini, na kwamba bila yeye pilau italiwa kavu. Hata kama nyuki hawatamvutia, amejua kuna mtu alikuwa akimsikiliza.

Na ukijaribu kuandika ile sentensi ya "kwa nini wewe" ikakataa kutoka, usimsumbue. Pengine hukumtaka yeye. Ulitaka ukumbi ujae. Kama ni hivyo rusha posta yako, lakini usituulize baadaye mbona watu walikuja, wakala, wakaenda.