Amri ya Lincoln ilitekelezwa na watumwa wenyewe

Tarehe 1 Januari 1863, Rais Abraham Lincoln wa Marekani alitia saini amri iliyowatangaza kuwa huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Tangu hapo wapo wanaomsifu kana kwamba alikata minyororo yote kwa wino, na wapo wanaosema alitoa karatasi tupu. Pande zote mbili zinawasahau watumwa wenyewe.

Wanaoibeza amri hiyo wana hoja. Kentucky, Maryland, Missouri na Delaware yalikuwa majimbo ya utumwa, lakini kwa kuwa hayakuasi, hayakuguswa. Mji wa New Orleans, uliokuwa tayari mikononi mwa jeshi la Lincoln, uliachwa nje kwa makusudi. Sababu ni kwamba Lincoln alitumia mamlaka ya amiri jeshi mkuu wakati wa vita, yaliyohusu maeneo ya adui tu, na pia alichelea kuisukuma Kentucky iungane na waasi. Huko Texas, ambako jeshi lake lilikuwa mbali, watu waliendelea kutumikishwa mashambani hadi Jenerali Gordon Granger alipotangaza uhuru wao mjini Galveston, tarehe 19 Juni 1865.

Hata hivyo, watumwa hawakuwa wameisubiri Ikulu. Mwezi Mei 1861 wanaume watatu walivuka maji kwa mashua usiku hadi ngome ya Monroe, Virginia. Bwana wao alipowadai, Jenerali Benjamin Butler alikataa kuwarudisha, akisema ni mali ya adui iliyotekwa vitani. Kauli hiyo haikuwapa utu wao, lakini iliwapa kinga, na maelfu wakawafuata.

Amri ya 1863 iliwafungulia watu kama hao mlango wa jeshi. Wanaume weusi wapatao 180,000 walijiunga, ingawa mwanzoni walilipwa dola 10 kwa mwezi, tena wakikatwa 3 za mavazi, huku mzungu akipata 13.

Hapo ndipo nguvu ya amri ilipovuka mipaka yake. Kentucky haikuguswa na amri, lakini mtumwa wa huko aliyeandikishwa jeshini alikuwa huru. Wengi walikimbilia kambi ya Camp Nelson pamoja na wake na watoto wao. Novemba 1864, katikati ya baridi kali, mkuu wa kambi aliwafukuza wanawake na watoto takriban 400, na vibanda vyao vikabomolewa. Wengi walikufa. Ukatili huo uliamsha hasira kubwa, na Machi 1865 bunge la Marekani likapitisha sheria iliyowapa uhuru wake na watoto wa askari. Uhuru huo walilipia wenyewe, kwa damu ya waume na kwa roho za watoto.

Waliobaki utumwani Kentucky na Delaware waliachiwa Desemba 1865, katiba ilipobadilishwa ili kupiga marufuku utumwa. Bunge la Kentucky lilikataa mabadiliko hayo, likaja kuyaidhinisha mwaka 1976.