Mapokezi ya Askari Yasiishie Uwanja wa Ndege

Ndugu wananchi, kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunawakumbuka waliokufa wakiilinda nchi yetu. Tunafanya vema. Leo naomba tuwafikirie pia waliorudi. Wapo mtaani kwako na kijijini kwako, pengine mmoja mnaishi naye nyumba moja. Je, unajua anaendeleaje?

Wazee wetu wa vita vya Kagera bado tunao. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia mwishoni mwa 1978, wanamgambo wengi waliacha majembe na kazi zao wakaungana na askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Aprili 1979 Kampala ilikombolewa, na baadaye wengi wao wakarudi walikotoka: jana bunduki, leo jembe. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70. Nani amewahi kuketi naye akamuuliza hali?

Baada yao wakaja vijana waliokwenda kulinda amani Darfur, Lebanon na Congo. Mwaka 2013, huko Congo, walikuwa bega kwa bega na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi dhidi ya waasi wa M23. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini, hukohuko Congo, ilishambuliwa. Askari wetu wasiopungua 14 waliuawa na wengine wengi wakajeruhiwa. Waliosalimika wana wake, waume na watoto. Ni ndugu zetu.

Siku ya kurudi kuna vigelegele na pilau. Lakini baada ya miezi mitatu je, wageni wakishaondoka?

Hapo ndipo wengine huanza kukosa usingizi. Fataki za mwaka mpya zikilia, mtu anaruka kitandani jasho likimtoka. Mwingine anakuwa mkali kwa jambo dogo, mwingine anajitenga, mwingine anaitafuta nafuu kwenye pombe. Hajarogwa huyo, wala hakuacha kuwapenda watu wake. Mwili umerudi salama, akili bado iko lindoni.

Tufanye nini? Tuanzie nyumbani. Mama, baba, mpe muda. Msikilize akitaka kusema, na akinyamaza kaa naye tu. Watoto waelezwe kwa upole kwa nini baba hapendi kushtuliwa usingizini. Na wewe askari uliyerudi, mwenzako aliendesha nyumba peke yake miezi yote hiyo: karo, mgonjwa, bati lililovuja. Mshukuru, kisha mgawane kazi upya taratibu. Naye pia amechoka, sivyo?

Kijiweni na kazini, tuache kumuuliza, "Uliua wangapi?" Swali hilo linafukua makaburi. Mwulize kama amekula, kama mpira wa jioni atauona nasi. Mwalike kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kwenye kwaya, kwenye madrasa, kwenye harusi ya jirani.

Mwajiri, kwa nini kila askari aliyestaafu tunamwona mlinzi wa getini tu? Jeshini kuna madereva, mafundi magari, wauguzi, wajenzi na watu wa mawasiliano. Wanajua kuwahi na kuongoza wenzao. Mpe nafasi inayolingana na ujuzi wake, na siku akiomba ruhusa ya kwenda kliniki, mruhusu bila maswali mengi.

Hali ikizidi, akasema maisha hayana maana au akatishia kujiumiza, msimwache peke yake. Mfikisheni kituo cha afya au hospitali ya wilaya siku hiyohiyo, wataalamu wampokee. Na tuache utani wa "huyo apelekwe Mirembe," hospitali ya wagonjwa wa akili. Anayetibiwa malaria hatumcheki. Kwa nini tumcheke anayetibiwa akili?

Viongozi wa mtaa, walimu, mashehe na wachungaji, tunawahitaji. Mzee wa Kagera aalikwe shuleni awasimulie watoto, kama mwenyewe anaridhia. Atajiona bado ana kazi katika taifa hili.

Ndugu zangu, walikwenda kwa ajili yetu sote. Naomba wiki hii kila mmoja amtafute askari mmoja aliyerudi, ampigie hodi, amsalimie, na wiki ijayo arudi tena. Moyo huo tunao. Tuutumie.