UCHAMBUZI: Darasa limejaa, mbona pesa hazionekani?

Ukipita katikati ya jiji la Nairobi siku hizi, inua macho uangalie madirishani. Ghorofa ya pili kuna bango la kozi za kompyuta. Ya tatu, Kijerumani. Ya nne, masomo ya watoto ya kuandika programu. Wengi wenye vituo hivi ni vijana kama wewe: walimaliza chuo, wakasota kutafuta ajira, kisha wakaamua kuuza kile wanachokijua.

Kijerumani ndicho kinachovuma zaidi. Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin. Nambari moja ikasambaa mitandaoni kama moto wa nyika: eti kuna nafasi 250,000 za kazi kwa Wakenya. Wizara ya masuala ya ndani ya Ujerumani ikajitokeza na kukanusha, ikisema mkataba huo hauna idadi yoyote. Lakini nani alisikia? Nambari kubwa ilikuwa tayari imeshafanya kazi yake.

Kumbuka kisa hicho, kwa sababu ndicho kinachoendelea pia ndani ya vituo vyenyewe, kwenye skrini ya mwenye biashara.

Siku hizi kituo kikikua kidogo tu, mwenyewe hutafuta dashibodi. Hii ni skrini moja inayokusanya takwimu zote za biashara mahali pamoja: wanafunzi wangapi wamejiandikisha, karo kiasi gani imelipwa, nani anadaiwa, darasa lipi lina watu. Ifikirie kama ile sehemu iliyo mbele ya dereva wa matatu inayoonyesha kasi, mafuta na joto la injini. Wengine hununua programu maalum na kuilipia kila mwezi. Wengine hujitengenezea kwa Excel au Google Sheets. Zote sawa.

Shida si skrini. Shida ni nambari unayoiweka katikati yake, ile kubwa unayoiona kwanza asubuhi. Katika vituo vingi huwa ni mojawapo ya hizi mbili: idadi ya waliojiandikisha, au jumla ya pesa zilizoingia. Zote mbili ni za kweli. Na zote mbili zinaweza kukuzamisha.

Tupige hesabu kidogo

Chukua mfano huu wa kubuni. Una kituo cha Kijerumani. Januari umepata wanafunzi 40 wa ngazi ya A1, kozi ya miezi mitatu, karo Sh30,000 kila mmoja. Hiyo ni Sh1.2 milioni. Kati yao, 24 wamelipa zote na 16 wamelipa nusu. Kwa hivyo Till yako ya M-Pesa imepokea Sh960,000.

Gharama zako kwa mwezi: kodi ya nyumba Sh90,000, walimu wanne Sh180,000, stima, intaneti na vifaa Sh40,000, matangazo Sh60,000. Jumla Sh370,000.

Mwisho wa Januari dashibodi inakuonyesha nini? Pesa zilizoingia 960,000, zilizotoka 370,000, zimebaki 590,000. Rangi ni ya kijani kibichi. Unaona umeomoka. Unaanza kuulizia bei ya gari, au nafasi ya tawi la pili kule Thika.

Sasa tulia. Zile 590,000 si faida. Ni pesa za watu waliolipia masomo ya Februari na Machi, na hujawafundisha bado. Ni deni, ila unadaiwa vipindi badala ya shilingi. Na ili uvifundishe vipindi hivyo utahitaji Sh740,000 za miezi miwili. Hapo tayari una pengo la 150,000.

Wale 16 wakimalizia karo, utapata Sh240,000 zaidi, uzibe pengo na ubaki na Sh90,000 kwa kozi nzima. Yaani Sh30,000 kwa mwezi. Wasipolipa, umefanya kazi miezi mitatu ukaishia na hasara ya Sh150,000.

Ukitaka kuiona kwa njia nyingine, gawanya gharama za miezi mitatu, Sh1,110,000, kwa karo ya mwanafunzi mmoja. Unapata 37. Wanafunzi 37 wa kwanza wanamfanyia kazi landilodi, walimu, kampuni ya stima na matangazo yako. Ni watatu tu wanaokufanyia wewe kazi. Watatu hao wakihama, kwisha.

Umeona? Biashara ni ileile, mwezi ni uleule, lakini nambari moja inakwambia nunua gari na nyingine inakwambia kaza mshipi.

Hata wakubwa waliteleza hapa

Usidhani haya ni makosa ya vijana wa River Road wasiosomea uhasibu. Tazama Byju's ya India, kampuni ya masomo ya mtandaoni iliyoanzishwa na mwalimu, Byju Raveendran. Mwaka 2022 wawekezaji waliithamini kwa dola bilioni 22. Ilidhamini jezi za timu ya taifa ya kriketi ya India na ikawa miongoni mwa wadhamini wa Kombe la Dunia la Qatar.

Hesabu zake za mwaka uliokamilika Machi 2021 zilichapishwa Septemba 2022, mwaka mmoja na nusu baadaye. Mapato: rupia bilioni 24.28. Hasara: rupia bilioni 45.88. Sababu moja ni kwamba namna ya kuhesabu mapato ilibadilishwa. Karo ya kozi ndefu haikuweza tena kuhesabiwa yote kwa mkupuo. Ilibidi igawanywe kwa kipindi chote ambacho mwanafunzi angehudumiwa. Na kwa waliosajiliwa kwa mkopo, pesa zilihesabiwa pale tu zilipopokelewa.

Ni hesabu yetu ile ile ya Januari, ila kwa mabilioni. Juni 2023 wakaguzi wake, Deloitte, walijiuzulu wakilalamikia kucheleweshwa kwa hesabu. Julai 2024 ikaingizwa katika mchakato wa ufilisi kufuatia ombi la bodi ya kriketi ya India, iliyokuwa ikidai rupia bilioni 1.58. Byju's ilikuwa na matatizo mengine pia, yakiwemo mikopo na ununuzi wa kampuni nyingine kwa kasi. Lakini kumbuka hili: kampuni yenye mamilioni ya wanafunzi ilishindwa kumlipa aliyebeba jina lake kwenye jezi.

Basi dashibodi yako iwe na nini?

Nambari tano zatosha. Ukizidisha utakuwa unapamba skrini tu.

Kwanza, karo iliyofanyiwa kazi. Chukua karo ya kozi, igawanye kwa wiki za masomo, kisha uhesabu wiki ulizokwisha kufundisha. Katika mfano wetu, Januari ulistahili kuhesabu Sh400,000 pekee, si 960,000. Toa gharama za 370,000. Faida ni 30,000. Hiyo ndiyo inayofaa kukaa katikati ya skrini.

Pili, madeni kwa umri wake. Usiandike tu "Sh240,000 tunadai". Andika ya wiki mbili, ya mwezi, ya zaidi ya mwezi. Deni la karo huwa kama chapati, likipoa halitafuniki. Mwanafunzi akimaliza kozi bila kulipa, simu yako hataishika.

Tatu, siku ulizobakisha. Pesa ulizo nazo benki na kwenye M-Pesa, zigawe kwa gharama za siku moja. Asipoingia mtu mpya, unaweza kufungua mlango kwa siku ngapi? Ikiwa ni chini ya siku 30, hakuna mambo ya tawi la pili.

Nne, viti. Darasa la jioni lenye viti 20 na wanafunzi 8 linamlipa mwalimu sawa na lililojaa. Kabla hujaongeza pesa za matangazo, angalia kama madarasa mawili yaliyo nusu yanaweza kuunganishwa.

Tano, na hii ndiyo inayorukwa sana: wanaobaki. Kati ya 40 walioanza A1, wangapi walikuwepo wiki ya mwisho? Wangapi walilipia A2? Wangapi walifanya mtihani na kupita? Anayebaki hukulipishi matangazo kumpata, na humleta rafiki yake. Wakianza 40 na A2 wakaingia 14, tatizo lako haliko Facebook. Liko darasani.

Nambari hizi hazihitaji programu ya bei ghali. Taarifa ya M-Pesa ya Till, daftari la mahudhurio na jedwali moja la Google Sheets vinatosha kuanzia. Mtu mmoja aingize takwimu, mwingine azikague. Anayepokea karo asiwe yeye yule anayeandika nani amelipa. Hapo ndipo pesa hupotelea mikononi, na skrini haitakwambia.

Onyo mbili

Ya kwanza: unachokihesabu ndicho watu wako watakachokifukuza. Ukimlipa kijana wa mauzo kwa kila anayejiandikisha, atajaza darasa kwa njia yoyote, hata kwa kuahidi kazi Ujerumani baada ya A1. Ukweli ni kwamba muuguzi kwa kawaida hutakiwa kufika B2, ngazi ya nne, na vyeti vyake vitambuliwe kule. Anayedanganywa hapo mara nyingi ni mtoto wa mtu aliyechukua mkopo wa Sacco au kuuza ng'ombe. Mlipe mtu wako wa mauzo kwa wanaobaki wiki ya nne, uone jinsi maneno yake yatakavyobadilika.

Ya pili: majina, simu, alama na madeni ya wanafunzi ni data ya watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ilitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hivyo usipige picha ya dashibodi yenye majina ya wanaodaiwa ukaitupa kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa ili "waone aibu". Aibu hiyo inaweza kukugharimu kuliko deni lenyewe.

Na wewe unayelipa karo?

Labda huna kituo. Labda ndiwe uko karibu kutuma Sh30,000. Hesabu hizi ni zako pia, kwa sababu pesa ambazo mwenye kituo anaziita faida kabla ya wakati ni zako. Kituo kikifungwa katikati ya Februari, bango litashushwa, simu itazimwa, na wewe utabaki na risiti.

Kabla hujalipa, uliza maswali matatu. Darasa lililopita lilianza na watu wangapi? Walimaliza wangapi? Waliopita mtihani ni wangapi? Halafu omba kulipa kwa mwezi badala ya kozi nzima. Kituo kinachojua nambari zake kitakujibu papo hapo. Kinachokujibu kwa picha za ndege na bendera ya Ujerumani, kaa chonjo.

Na kama kituo ni chako, jiwekee nusu saa kila Ijumaa jioni, kabla hujaenda kukutana na marafiki. Zima simu, fungua jedwali, soma zile nambari tano kutoka juu hadi chini. Ukikuta pesa nyingi kwenye akunti, jiulize swali moja kabla hujazigusa: ni za vipindi nilivyokwisha kufundisha, au ni za watu watakaokuja Jumatatu asubuhi wakitarajia kumkuta mwalimu?